Epoksi, Vanishi na Rangi: Kinga ya Mashua ya Mbao Katika Baridi ya Othaya

Mashua ya mbao inayotumika kwenye maji yasiyo na chumvi kwa kawaida huoza kuanzia juu. Sehemu inayozama muda wote hulowa mpaka ndani, hewa ikakosa nafasi, na kuvu inayokula mbao haiwezi kuishi pasipo hewa. Hatari iko pale ambapo unyevu na hewa vinakutana: kwenye ukingo, kwenye pembe za viti, kuzunguka matundu ya misumari, na ndani ya ngama ambamo maji ya mvua hutuama wiki nzima bila mtu wa kuyachota. Mbao ambayo unyevu wake haufiki asilimia 20 ya uzito wake mkavu haiozi. Ikipita hapo na kukaribia asilimia 30, kuvu hustawi na kazi ya seremala huanza kuliwa kimyakimya kutoka ndani.

Watu wa pwani wanalijua jambo hili kwa uzoefu wa karne nyingi. Mabaharia wa majahazi humwagia sitaha maji ya bahari jua linapowaka, kwa sababu chumvi huizuia kuvu na unyevu huzuia mbao kupasuka. Adui wao mkubwa yuko chini ya chombo, nao ni wale wadudu wa baharini wanaotoboa mbao na kuiacha na vishimo vingi ndani. Ndiyo maana mafundi wa Lamu na Unguja wakaziba nafasi za mbao kwa kalafati ya pamba iliyolowekwa mafuta, wakapaka sifa, yaani mafuta ya papa, juu, na chini wakapaka deheni, yaani shahamu iliyochanganywa na chokaa. Dawa hizo ni laini, zinafuata mbao inapovimba na kunywea, na hurudiwa kila baada ya muda, chombo kikiwa kimelazwa ufukweni maji yakitoka.

Othaya hakuna chumvi wala mdudu wa aina hiyo. Mji huu wa Kaunti ya Nyeri uko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, kwenye miteremko ya mashariki ya milima ya Aberdare, katikati ya mashamba ya chai na kahawa. Mvua ndefu hunyesha kuanzia Machi hadi Mei, za vuli hurudi Oktoba hadi Desemba, na baina yake, hasa Juni hadi Agosti, huja majira ya baridi na ukungu ambapo jua linaweza kukosekana siku kadhaa mfululizo. Karibu na mji liko bwawa la Chinga, na mabwawa madogo ya mashambani yametapakaa eneo zima. Mashua ya mbao ikiwekwa kwenye maji ya namna hiyo hunyeshewa maji ya mvua ambayo hayana chumvi ya kuilinda, hupata umande kila alfajiri, kisha jua likitoka huchomwa kwa ukali kuliko ufukweni. Mionzi ya jua inayoharibu rangi na vanishi huongezeka kwa takriban asilimia 10 kwa kila mita 1,000 za kupanda. Kinga ya mashua ya huku kwa hiyo ni kinga dhidi ya mvua na jua kwanza, na dhidi ya bwawa baadaye.

Vitu vitatu ndivyo vinavyofanya kazi hiyo, na kila kimoja kina zamu yake. Epoksi hugandisha, huziba na kuzuia unyevu usiingie ndani ya mbao. Vanishi huikinga epoksi dhidi ya jua huku ikiacha uzuri wa mbao uonekane. Rangi huifunika kabisa. Hasara nyingi hutokana na kukipa kimoja kazi ya mwenzake: epoksi ikaachwa wazi juani, au vanishi ikapakwa juu ya ufa ikitarajiwa kuuziba.

Epoksi ni maji mawili mazito yanayouzwa katika makopo mawili, rezini na hadena. Yakichanganywa, molekuli zake hushikana na kuwa kitu kimoja kigumu kisichoweza kuyeyushwa tena. Katika miaka ya 1930 mkemia wa Uswisi, Pierre Castan, aliifanyia kazi alipokuwa akitafuta kitu cha kutengenezea meno ya bandia, na katika miaka ya 1940 kampuni ya Ciba ikaitoa sokoni kama gundi kwa jina la Araldite, ambalo hadi leo linajulikana katika maduka ya hadiwea ya Kenya. Kuingia kwake katika ujenzi wa mashua za mbao kunadaiwa sana na ndugu wa ukoo wa Gougeon wa Bay City, Michigan, nchini Marekani, ambao tangu mwaka 1969 walijenga mashua ambazo kila ubao wake umepakwa epoksi pande zote, kabla ya kuunganishwa na baada yake.

Kipimo cha kuchanganya hakina mjadala. Epoksi nyingine hutaka sehemu 1 ya rezini kwa 1 ya hadena, nyingine 2 kwa 1, nyingine 5 kwa 1, na kopo husema kama ni kwa ujazo au kwa uzito. Hapa ndipo mafundi wanaotoka kwenye kazi ya bodi za magari hukosea. Ile puti ya magari na rezini ya faiba hukauka haraka zaidi ikiongezwa hadena, nao wamezoea kuongeza kidogo siku ya baridi. Epoksi haifanyi hivyo. Hadena iliyozidi haina rezini ya kushikana nayo, hubaki ndani ikiwa laini, na kazi nzima hunata miezi na miezi. Dawa yake huwa ni moja tu, kuikwangua yote na kuanza upya. Puti ya magari yenyewe haifai chini ya maji hata kidogo, kwa kuwa unga uliomo ndani yake hufyonza maji.

Chombo kizuri cha kuchanganyia ni mkebe wa plastiki kama ule wa mafuta ya kupikia ya Kimbo, kwa sababu epoksi haishiki kwenye plastiki ya aina hiyo. Ikishaganda, mkebe hukunjwa na mabaki hubanduka. Mchanganyiko hukorogwa dakika mbili kamili, kijiti kikipita kwenye kuta na kwenye pembe za chini, maana hapo ndipo rezini isiyokutana na hadena hujificha. Kisha humiminwa mara moja kwenye sinia pana. Epoksi hutoa joto inapoganda, na ikiachwa nyingi ndani ya mkebe wenye kina, joto hilo hukosa pa kutokea, mchanganyiko hufuka moshi na kugeuka jiwe kabla brashi haijafika kwenye mbao. Ikitandazwa kwenye sinia hupoa, na fundi hupata muda wa kutosha.

Baridi huleta tatizo la upande wa pili. Kasi ya epoksi kuganda hupungua karibu nusu kwa kila nyuzijoto 10 zinazoshuka. Hadena nyingi za kawaida hazipaswi kutumiwa chini ya nyuzijoto 10, na zile za polepole hutaka 16 au 18. Usiku wa Julai Othaya unaweza kuikuta epoksi iliyopakwa jioni ikiwa bado maji asubuhi. Mbaya zaidi, katika hewa baridi yenye unyevu hadena hupanda juu na kuungana na mvuke na hewa ya kaboni, ikaacha utando wa mafuta unaoteleza mkononi. Utando huo lazima uoshwe kwa maji safi na kufutwa kwa kitambaa kikavu kabla ya kupiga msasa. Ukipigwa msasa bila kuoshwa, unasuguliwa ndani ya mikwaruzo, na chochote kitakachopakwa juu yake kitabambuka.

Wazo la kwanza linalomjia mtu ni kufunga milango ya karakana na kuwasha jiko la makaa. Ni wazo baya kwa kila hali. Moshi wa makaa usioonekana huua watu ndani ya chumba kilichofungwa, mvuke wa thina unaweza kushika moto, na hata kama hayo hayakutokea, jiko hujaza chumba mvuke na hewa ya kaboni, vile vitu hasa vinavyoleta ule utando. Kuna njia salama. Makopo, yakiwa yamefungwa, huwekwa kwenye karai la maji ya uvuguvugu nusu saa kabla ya kuchanganya. Mashua hufunikwa kwa hema la nailoni nyeupe, ile ile ambayo wakulima hujengea nyumba za nyanya, na jua la mchana, hata likiwa hafifu, hupandisha joto ndani kwa nyuzi kadhaa. Rezini iliyokaa stoo wakati wa baridi ikaingia weupe na chembechembe kama za chumvi haijaharibika. Ikipashwa katika maji ya moto hurudi kuwa safi.

Saa ya kupaka nayo ina maana yake. Mbao inayopata joto huvuta pumzi kwenda nje, na hewa inayotoka huacha mapovu ndani ya epoksi mbichi. Mbao inayopoa huvuta kwenda ndani, ikainyonya epoksi pamoja na hewa hiyo. Kwa hiyo mbao huachwa ipate joto hadi alasiri, kisha hupakwa jua linapoanza kushuka, lakini mapema vya kutosha ili epoksi iwe imeshika kabla ya umande. Kwa Othaya, hali ya hewa ya Januari na Februari ndiyo inayotoa saa hizo kwa uhakika. Fundi anayeweza kuchagua majira hana sababu ya kuifanya kazi hii Julai.

Kabla ya epoksi kuna swali la mashua yenyewe. Jahazi au dau lililojengwa kwa mbao nene zilizopigwa misumari huishi kwa kuvimba: mbao zikilowa hubanana, na pamba ya kalafati ikakaza. Epoksi ngumu ikijazwa katika nafasi hizo, mbao zikivimba hukosa pa kwenda, kingo husagika na hata mataruma huweza kuvunjika. Mashua ya aina hiyo iachiwe kalafati. Epoksi inafaa mashua ambayo mbao zake hazichezi, na kwa seremala wa milimani iliyo rahisi zaidi kujengwa ni ya plaiwudi. Vipande hukatwa kwa ramani, hushikanishwa kwa nyaya za shaba zinazopitishwa kwenye matundu, kisha pembe za ndani hujazwa epoksi nzito na kufunikwa utepe wa faiba. Uingereza mashua ya Mirror ilienea kwa njia hii kuanzia mwaka 1963, ingawa ilitumia rezini ya aina nyingine. Kushona mbao badala ya kuzipiga misumari, bila shaka, si jambo geni katika Afrika Mashariki. Mitepe ya Wabajuni ilisafiri pwani hii ikiwa imeshonwa kwa kamba za makumbi.

Si kila plaiwudi ni ya majini. Njia ya kuipima ni kuchukua kipande kidogo na kukichemsha kwenye sufuria kwa saa kadhaa, kukikausha, kisha kukichemsha tena. Gundi ya ndani ikiachia na tabaka zikafunuka, ubao huo ni wa dari ya nyumba. Kwa viunzi, mtarakwa, yaani mwerezi wa milima ya Kenya, unastahimili kuoza kwa asili yake, ilhali saiprasi, paina na mkaratusi zinazopatikana kila kiwanda cha mbao huhitaji kukaushwa sana kabla ya kazi. Mbao inayopakwa epoksi iwe na unyevu usiozidi asilimia 12 au hapo karibu. Kuifungia mbao mbichi ndani ya epoksi ni kuifungia na maji yake, na hapo kinga hugeuka kuwa chanzo cha kuoza.

Matengenezo ya sehemu iliyooza huanza kwa bisibisi. Ncha yake hudungwa kila mahali penye shaka. Mbao nzima husukuma ncha irudi, iliyooza huiruhusu izame bila nguvu, na mara nyingi rangi ya juu huwa bado inang'aa. Sehemu mbovu hukatwa mpaka patasi itoe vipande vigumu vyenye harufu ya mbao, kisha hukatwa tena kidogo kupita hapo, kwa kuwa nyuzi za kuvu hutangulia mbele ya uozo unaoonekana. Kuna dawa nyepesi za epoksi zinazouzwa kwa ahadi ya kuigeuza mbao iliyooza kuwa ngumu. Huigandisha kweli, lakini hazirudishi nguvu zake, na mahali panapobeba uzito wa watu hazipaswi kuaminiwa.

Kiraka huunganishwa kwa mlalo. Ubao wenye unene wa milimita 10 hukatwa mshazari wenye urefu wa milimita 80, yaani 8 kwa 1, ili gundi ipate eneo pana la kushika. Nyuso zote mbili hupakwa kwanza epoksi tupu isiyotiwa unga, na kuachwa dakika chache inywewe. Zikionekana zimekauka, hupakwa tena. Hatua hii ndiyo hurukwa na wenye haraka, na kiungo kilichorukiwa hatua hiyo huvunjika kwa sababu mbao ilinyonya gundi yote na kuacha pengo. Baada ya hapo epoksi nyingine huchanganywa na unga laini wa silika, au unga wa mbao uliochujwa kwa kitambaa, mpaka iwe kama uji mzito usiodondoka kwenye mwiko. Hupakwa upande mmoja, vipande hukutanishwa, na jiriwa hubanwa kiasi tu cha kuifanya epoksi ichungulie kwenye mshono mzima. Ikibanwa kwa nguvu, gundi yote hutoka nje. Kipande cha karatasi ya nailoni huwekwa chini ya jiriwa, la sivyo nayo itagandishwa hapo hapo.

Kazi ikishikana, mashua nzima hupakwa epoksi tupu angalau mara mbili, na mara tatu pale patakapopigwa msasa. Kingo za plaiwudi hupakwa zaidi, kwani hapo ncha za nyuzi za mbao ziko wazi na hunyonya maji kwa kasi kuliko uso. Kila tundu la skrubu nalo hupakwa ndani.

Epoksi iliyokamilika inang'aa kiasi cha kumdanganya mtu kwamba kazi imekwisha. Jua litaifanya njano, kisha nyeupe yenye vumbi la chaki, kisha itapasuka. Hapo ndipo vanishi inapohitajika, na lazima iwe ya mashua: mafuta kama ya tung yaliyopikwa pamoja na rezini, yenye dawa ya kuzuia mionzi ya jua, na laini kiasi cha kunyumbuka pamoja na mbao. Ile ya fanicha inayotumiwa katika karakana zilizo kando ya barabara za Nyeri na Karatina hukauka kwa dakika na kung'arisha makochi vizuri sana, lakini ni ngumu na haina kinga ya jua. Nje hupasuka na kubambuka ndani ya miezi.

Kwenye mbao tupu, vanishi ya kwanza huchanganywa nusu kwa nusu na thina yake ili izame, zinazofuata huongezwa uzito, na kati ya moja na nyingine hupigwa msasa laini wa 220 au 320 na kufutwa vumbi. Mikono sita ndiyo mwanzo wa kinga ya kweli. Juu ya epoksi hakuna haja ya kuipunguza makali, lakini epoksi iachwe iive kabisa, wiki moja au zaidi wakati wa baridi, kwa sababu mabaki ya hadena huizuia vanishi ya mafuta kukauka. Vanishi inatoa picha nzuri na inadai kazi nyingi. Katika jua la ikweta mkono mmoja mpya huhitajika kila baada ya miezi sita hadi mwaka, kabla ule wa zamani haujapasuka. Ukishapasuka, mbao hugeuka nyeusi na yote hukwanguliwa.

Kwa sababu hiyo, mashua ya kazi hufaa kupakwa rangi. Chembe za rangi huziba mionzi kabisa, jambo ambalo vanishi haiwezi, na rangi nzuri huishi miaka kadhaa. Rangi ya mafuta ya kawaida, juu ya undakoti yake, inatosha kwa sehemu zilizo juu ya maji. Chini ya maji huvimba malengelenge mashua ikikaa majini muda wote, na hapo hutumiwa rangi ya epoksi yenye sehemu mbili. Nyeupe na rangi nyingine za kupauka ni bora kuliko nyeusi au buluu iliyokolea, kwani mashua yenye rangi nzito hupata joto kali juani, na epoksi nyingi huanza kulainika joto likizidi nyuzi 50 au 60.

Rangi za sumu za kuzuia viumbe kuganda chini ya chombo ni za bahari. Zile zenye kemikali ya bati ziliua na kuharibu uzazi wa konokono na chaza kiasi kwamba zilipigwa marufuku kwa mkataba wa kimataifa ulioanza kutumika Septemba 2008, na za siku hizi hutegemea zaidi shaba. Kwenye bwawa ambalo ng'ombe hunywa na maji yake humwagiliwa mboga, hazina kazi wala nafasi. Ukijani unaojenga chini ya mashua bwawani hutoka kwa brashi ngumu na maji.

Mwili wa fundi nao unahitaji kinga. Epoksi mbichi ikigusa ngozi mara kwa mara huweza kumletea mtu mzio usioondoka maisha yake yote, na aliyeupata hulazimika kuacha kazi hiyo. Glavu huvaliwa tangu mkebe wa kwanza. Ikigusa ngozi husafishwa kwa sabuni na maji, kamwe si kwa thina, kwa kuwa thina huisukuma ndani zaidi. Vumbi la epoksi ambayo haijaiva ni hatari zaidi kuliko la iliyoiva, na barakoa nzuri huhitajika kwa yote mawili. Rangi za poliyurethani za sehemu mbili zisipulizwe kwa bunduki ya rangi bila kifaa cha kumletea fundi hewa safi. Zipakwe kwa brashi na rola. Vitambaa vilivyolowa vanishi ya mafuta huweza kuwaka vyenyewe vikirundikwa pembeni, kwa hiyo hutandazwa nje vikauke au hutiwa kwenye ndoo ya maji.

Baada ya yote hayo mashua huhitaji kuwekwa vizuri. Isipotumika hutolewa majini, hupinduliwa juu ya magogo mawili ili isiguse udongo, na kufunikwa kwa turubai iliyoinuliwa kidogo pande zote hewa ipite. Turubai iliyobanwa mpaka chini hufungia unyevu wa ukungu ndani na kulea kuvu ile ile iliyokusudiwa kuzuiwa. Tundu la kutolea maji kwenye ngama huachwa wazi. Mara mbili kwa mwaka, mvua ndefu na za vuli zikikatika, kila mkwaruzo uliofika kwenye mbao hukaushwa, hupigwa msasa, hupakwa epoksi na kufunikwa tena vanishi au rangi. Rezini na hadena zilizobaki huchanganywa kwa kipimo chake na kuachwa zigande kabla ya kutupwa, na maji yaliyooshea brashi hayamwagwi karibu na bwawa wala mto.